Jinsi ya kujua kama molekuli yako kweli inazima MYC kwa kushika fundo la DNA, au inakudanganya tu

Kila nikikaa na vijana wa maabara linakuja jambo lile lile, mtu ana kimolekuli chake, kakitoa kwenye mizizi ya mti fulani au kakitengeneza mwenyewe kwa kemia, kakiweka kwenye seli za kansa zikafa, kakiweka kwenye DNA iliyojikunja kikanata, basi kesho yake anaandika "kinazima jeni la MYC kwa kushika G4", MYC ikiwa jeni linalosukuma seli za kansa zigawanyike na G4 fundo la DNA. Ngoja kwanza. Kunata ni jambo moja, kuua seli ni jambo lingine, na kati ya hayo mawili kuna mto mpana ambao watu wengi wanauvuka kwa mdomo. Jiki nayo inaua seli za kansa.

Hapa naeleza vile mimi nafanya, kuanzia kuagiza oligo (kipande kifupi cha DNA cha kutengenezwa) mpaka kwenye seli, na pale nilipozama nitasema maana nimezama sana.

Tuelewane kwanza hilo fundo ni nini. DNA ya shuleni ni nyuzi mbili zimesokotana kama kamba, sawa, lakini pale penye guanini nyingi zilizofuatana, yaani GGG halafu herufi moja mbili halafu GGG tena, ikifika mara nne hivi, uzi mmoja unaweza kuachana na mwenzake ukajikunja peke yake. Guanini nne zinajipanga mraba, kila moja imeshikana na jirani yake kwa vifungo vya haidrojeni vya aina ya Hoogsteen, ule mraba unakuwa bapa kama sinia, na sinia mbili tatu zinapangana moja juu ya nyingine. Katikati, baina ya sinia na sinia, inakaa ayoni ya potasiamu inayozuia zisiachane. Hilo ndo kwadrupleksi, kwa kifupi G4. Sio kitu cha jana, Gellert, Lipsett na Davies walionyesha ule mraba wa guanini nne mwaka 1962. Sisi mafiga yetu matatu, haya manne.

Sasa molekuli ndogo inaingiaje? Nyingi ni bapa, zina mapete kadhaa ya kaboni yaliyoungana, zinakuja kulala juu ya sinia ya mwisho kama kifuniko cha sufuria, na mara nyingi zina mikia yenye chaji chanya inayoning'inia pembeni kushika uti wa fosfeti ambao wenyewe una chaji hasi. Ndo maana ukiangalia picha za ligandi (molekuli zinazoshika) za G4 zote zinafanana fanana, kitu kipana bapa chenye mikia. Na hapo hapo ndo tatizo linapoanzia, kwa sababu kitu bapa chenye chaji chanya kinapenda kuingia kwenye DNA yoyote ile, hata ile ya kawaida ya nyuzi mbili.

Kwa nini MYC? Kwa sababu protini yake haina shimo la maana la kuingiza dawa, watu wamehangaika nayo miaka, kwa hiyo wazo likawa badala ya kumkamata mwizi barabarani mfungie mlango wa nyumba. Kwenye promota ya MYC, yaani sehemu ya mbele ya jeni inayoliwasha, kuna kipande kinaitwa NHE III1, kina herufi 27 zilizojaa guanini, na kinasimamia asilimia 80 mpaka 90 ya unukuzi (kunakiliwa kuwa RNA) wa jeni hilo. Mwaka 2002 timu ya Laurence Hurley kule Arizona ikaonyesha kwamba kipande hicho kinajikunja kuwa G4 na kwamba molekuli inayoitwa TMPyP4 ikikishika basi MYC inashuka. Toka hapo kila mtu akaingia kwenye biashara hii.

Na sisi wa huku MYC inatuhusu moja kwa moja. Ule uvimbe wa taya kwa watoto ambao Denis Burkitt aliuandika mwaka 1958 akiwa Kampala, lymfoma ya Burkitt, chanzo chake ni kromosomu kukatika na kuungana vibaya, mara nyingi ya 8 na ya 14, jeni la MYC linahamishwa linakaa jirani na jeni za antibodi ambazo kwenye seli B haziachi kufanya kazi, basi MYC nayo inawaka usiku na mchana. Ukiona kwenye katalogi seli zinaitwa Daudi usishangae, ni seli za Burkitt zilizotoka Kenya miaka ya 1960. Shika hilo jambo la kromosomu kukatika, tutalirudia mwishoni maana ndo ufunguo wenyewe.

Haya, kazini. Agiza oligo ya herufi 22 inayotumiwa na wengi, TGAGGGTGGGTAGGGTGGGTAA, hii imebadilishwa kidogo ili ijikunje namna moja tu, ile ya asili ya 27 inajikunja namna kadhaa na itakupasua kichwa. Omba iwe imesafishwa vizuri, usibane hela hapo. Iyeyushe kwenye bafa ya fosfeti ya potasiamu milimola 10, pH 7, na KCl milimola 90 au 100, ichemshe nyuzi 95 dakika 5 halafu iache ipoe pole pole usiku kucha. Watu wanapooza kwenye mashine ya PCR, mimi nilishaacha, umeme ukikatika saa nane usiku unakuta asubuhi mashine imejizima na hujui ilifika wapi. Nachukua sufuria ya maji lita mbili, nayachemsha, natumbukiza vitubu vimefungwa vizuri kwenye kishikio, nazima jiko, nafunika, naweka sufuria nzima ndani ya boksi la povu lile linalokuja na chanjo. Asubuhi maji bado yana uvuguvugu. Haijawahi kuniangusha.

Tengeneza na nyingine kwenye lithiamu, LiCl badala ya KCl. Lithiamu haikai vizuri katikati ya sinia kwa hiyo fundo linalegea, hiyo ndo kontroli yako ya kwanza ya bei rahisi. Na jamani PBS ya chupa sio bafa ya potasiamu, imejaa sodiamu, sodiamu inashika lakini kwa ulegevu na mafundo mengine yanabadilika umbo kabisa ukihama kutoka moja kwenda nyingine. Mwezi mzima nililinganisha data yangu na ya mtu mwingine hazifanani, kumbe mwenzangu alikuwa anayeyushia kwenye PBS.

Kabla hujaweka ligandi yoyote hakikisha fundo lipo. Mashine ya CD (sio CD za muziki) inapima tofauti ya DNA inavyonyonya mwanga uliosokotwa kushoto na uliosokotwa kulia. Fundo la MYC ni la aina sambamba, nyuzi zote zinaelekea upande mmoja, kwa hiyo utaona kilele juu kwenye nanomita 264 hivi na bonde kwenye 240. Ukiona kilele kimekaa 295 na bonde 260 hiyo ni aina ya kinyume, na kwa oligo hii maana yake kuna kitu umekosea, pengine walikutumia oligo nyingine. Kama una rafiki mwenye NMR (mashine ya sumaku inayosoma umbo la molekuli) muombe dakika kumi, protoni za guanini zilizoshikana kwa Hoogsteen zinatokea kati ya 10 na 12 ppm wakati zile za DNA ya kawaida zinakaa juu ya 12, na kwa fundo la sinia tatu unategemea mistari 12, hesabu tu kama unahesabu mayai.

Sasa ndo ligandi. Njia ya haraka ni kuyeyusha kwa joto. Unaagiza oligo ile ile lakini kichwani ina rangi ya FAM na mkiani ina TAMRA, ikiwa imekunjwa rangi mbili ziko karibu na FAM inazimwa, ikikunjuka zinaachana na FAM inawaka. Unapandisha joto taratibu kwenye mashine ya qPCR, zile zile za kupimia korona, unaangalia ni nyuzi ngapi fundo linafunguka bila ligandi na ngapi likiwa na ligandi. Tofauti ndo unayoitaka. Oligo mikromola 0.2, ligandi 1, halafu ongeza.

Hapo nilipoteza wiki mbili. Nilitumia bafa yangu ile ile ya KCl milimola 100, grafu inapanda mpaka nyuzi 95 mashine inafika mwisho fundo bado halijafunguka, nikaanza kushangilia kwamba nina ligandi kali kuliko zote duniani, mpaka nilipoendesha kontroli isiyo na ligandi nayo ikawa hivyo hivyo. Fundo la MYC ni gumu sana, kwenye potasiamu nyingi linavuka nyuzi 80 lenyewe tu. Dawa yake ni kupunguza potasiamu iwe milimola 1 mpaka 10 na kujazia na LiCl, ili lianze kufunguka kwenye nyuzi 60 na kitu, upate nafasi ya kuona ligandi inapandisha.

Jambo la pili kwenye kipimo hiki, kama ligandi yako yenyewe ina rangi au inawaka, itachezea mwanga wa FAM na utapata namba nzuri zisizo na maana yoyote. Angalia inanyonya mwanga wapi kabla hujaanza. TMPyP4 kwa mfano ni porfirini, ina rangi nzito hata kwa macho, inang'ang'ania plastiki na kioo, na ikipigwa na mwanga inakata DNA, kwa hiyo vitubu vyote vya foili na taa ya juu zima. Kama rangi inasumbua nenda kwenye CD, pandisha joto huku unaangalia kilele cha 264 kinavyoshuka, ni polepole lakini haidanganyiki kirahisi.

Halafu kipimo ambacho wengi wanakiruka na ndo kinachotenganisha wanaume na wavulana, ushindani. Rudia kuyeyusha kule kule lakini ongeza DNA ya kawaida ya nyuzi mbili, mara 10, mara 50, mara 100 ya oligo yako. Ligandi nzuri inabaki pale pale kwenye fundo haishituki. Ligandi mbovu inakimbilia kwenye ile DNA nyingi na nyuzi joto zako zote ulizokuwa unajivunia zinaporomoka. TMPyP4 hapa haifanyi vizuri, inanata karibu kila mahali, na ndo maana pamoja na heshima yake ya kihistoria leo inatumika zaidi kama mfano wa kulinganishia. Ina ndugu yake TMPyP2, atomi zile zile ila mikia imekaa pozi tofauti kwa hiyo hailali vizuri juu ya sinia, ukitumia hizo mbili pamoja angalau unajua tofauti inatokana na umbo. Na wewe ya kwako itafutie ndugu wa namna hiyo, inayofanana kila kitu ila haishiki. Bila ndugu huyo kwenye seli utakuwa unabahatisha.

Jaribu na mafundo mengine pia, la telomea, ncha za kromosomu (TTAGGG ikirudiwa), na la jeni za KIT na KRAS. Kumbuka ndani ya jenomu ya mtu kuna sehemu zaidi ya 700,000 zinazoweza kujikunja hivi ukizipima nje ya seli, ingawa ndani ya kromatini (DNA ilivyofungwa na protini ndani ya seli) timu ya Balasubramanian kule Cambridge mwaka 2016 ilikuta kama 10,000 tu. Hata hizo 10,000 ni nyingi. Ligandi kama pairidostatini inashika karibu zote, ni nzuri kwa kuonyesha kwamba mafundo yapo, ila kusema inazima jeni moja, hapana. Wapo waliojaribu kuchagua MYC peke yake, DC-34 iliyotangazwa mwaka 2018 ni mfano mzuri, na umbo lake ikiwa imelala kwenye fundo la MYC limeshachorwa kwa NMR, molekuli mbili kwa fundo moja, moja juu moja chini. Kaiangalie ile picha uone jinsi herufi za pembeni ya sinia zinavyojikunja kuifunika ligandi kama mfuko, uchaguzi unatoka hapo pembeni sio kwenye sinia, maana sinia za mafundo yote zinafanana.

Umefika kwenye seli. Kaa chini unywe chai kwanza maana hapa ndo kaburi la karatasi nyingi.

Utaweka ligandi, utasubiri, utavuna RNA, utapima MYC kwa qPCR, itashuka. Nakuahidi itashuka. RNA ya MYC inaishi kama nusu saa tu au chini ya hapo, na protini yake dakika 20 mpaka 30, kwa hiyo chochote kinachoishtua seli kinaishusha MYC, joto, njaa, sumu, DNA kukatika. Weka aktinomaisini D ambayo inafunga unukuzi wote, MYC itakuwa kati ya za kwanza kuanguka. Kwa hiyo kushuka kwa MYC peke yake hakusemi kitu. Pima masaa mafupi, 2, 4, 6, usisubiri 48 seli zimeshaanza kufa halafu unasema jeni limezimwa, maiti haina jeni linalowaka. Pima na jeni zingine ambazo RNA yake inaishi muda mfupi lakini hazina G4 kwenye promota, zikishuka pamoja na MYC basi umefunga unukuzi wote wewe. Pima γH2AX, hiyo ni alama ya DNA kukatika, maana ligandi nyingi za G4 zinasababisha hilo. CX-5461, ligandi ya G4 ambayo imefika mpaka kwa wagonjwa, watu wanabishana mpaka leo ni kiasi gani inafanya kazi kwa kushika mafundo na kiasi gani kwa kukitega kimeng'enya cha topoisomerasi II kinachokata na kuunga DNA. Na baadhi ya wagonjwa wake ngozi zao zilikuwa zinaungua na jua, kwa hiyo usiache kuangalia ligandi yako inafanya nini kwenye mwanga.

Sasa ule ufunguo. Kumbuka Burkitt, kromosomu ikikatika. Kuna seli zinaitwa Ramos, kwenye hizo mkato umeiacha NHE III1 mahali pake, na kuna CA46, ambazo kwenye nakala iliyohama mkato umepita ndani ya jeni lenyewe na kipande chote cha mbele chenye fundo kimeachwa nyuma. Unaona uzuri wake? Ndani ya CA46 moja kuna nakala mbili za MYC, iliyobaki nyumbani ina fundo, na iliyohama haina fundo wala eksoni ya 1 (eksoni ni kipande cha jeni kinachobaki kwenye RNA). Kwa hiyo RNA yenye eksoni ya 1 lazima itoke kwenye nakala yenye fundo, na RNA yenye eksoni ya 2 inatoka kwa zote mbili ila nyingi ni ya ile iliyohama. Tengeneza praima jozi mbili tu, moja ya eksoni ya 1 na moja ya eksoni ya 2, weka ligandi, pima. Kama inafanya kazi kupitia fundo, eksoni ya 1 inashuka na ya 2 inabaki juu. Zikishuka zote sawasawa, pole sana, ligandi yako inapita njia nyingine.

Kipimo hiki kimewaumbua watu wakubwa. Kulikuwa na jamii ya kwindolini ambazo zinashika fundo la MYC vizuri mno nje ya seli, umbo limechorwa, kila kitu safi, mwaka 2012 timu ya Hurley yenyewe ikaichukua moja ikaipitisha huku na kukuta inashusha MYC kweli lakini sio kwa kupitia lile fundo. Wakaitangaza hivyo hivyo. Mimi hiyo karatasi naiheshimu kuliko zote zilizosema imefanikiwa.

Na kuna la mwisho linalovuruga hadithi nzima. Tangu 2002 tumekuwa tukiimba kwamba fundo ni kufuli, ukilikaza jeni linazimika. Mwaka 2024 Cambridge wakaingia na CRISPR, mkasi wa kuhariri DNA, kwenye jenomu yenyewe, wakabadilisha ile NHE III1 ili isiweze kujikunja, na MYC badala ya kupanda ikashuka. Wakapachika pale fundo la KRAS, MYC ikarudi. Yaani fundo lenyewe ndo linaita protini za unukuzi zije, ni kama kibao cha duka kuliko kufuli. Sasa ligandi ikilishika pengine inachofanya ni kukalia nafasi ambayo protini zingetua, na hapo matokeo yanaweza kuwa yale yale, MYC kushuka, ila sababu ni nyingine kabisa na kipimo cha kufanya ni kingine, angalia kama protini inayotua pale inaondoka ligandi ikija, mfano SP1, kwa ChIP (kipimo cha kuona protini gani imekaa kwenye DNA), sio kuhesabu nyuzi za joto tu.

Kwa hiyo kwenye seli weka pia ripota mbili za lusiferasi (DNA inayotoa mwanga promota yake ikiwaka), moja ina promota ya MYC kamili na nyingine guanini za katikati ya kila GGG zimegeuzwa zikawa adenini fundo lisijikunje, halafu ligandi hiyo hiyo, na ile ndugu yake isiyoshika, kwa zote mbili. Ripota ni plazmidi inayoelea haina kromatini ya kawaida kwa hiyo usiiamini peke yake, iweke pembeni ya CA46. Na ile oligo ya mutanti isiyojikunja, ya kupimia kwenye CD na kwenye joto, iagize siku ile ile unayoagiza ya kwanza, mimi niliiagiza baada ya mkaguzi wa karatasi kuiuliza na ilikaa forodhani wiki tano.